Kaka aliniachia funguo za akaunti ya mwanawe, sasa ukoo unataka nizigawe

Mshauri, habari za kazi.

Nina miaka 61 na naishi Minneapolis, Minnesota, huu ni mwaka wa 24 nikiwa Marekani. Kaka yangu alifariki Machi 2023 akaacha mjane na watoto wawili, mvulana ambaye sasa ana miaka 17 na binti wa miaka 9. Mvulana alipozaliwa mwaka 2008, marehemu alimfungulia akaunti ya uwekezaji akaniandika mimi kuwa msimamizi. Alinitania kwamba katika ukoo mzima mimi ndiye mkono wa birika, kwa hiyo pesa zitakuwa salama. Juu ya kila taarifa ya akaunti kuna jina langu, kisha jina la mtoto, kisha herufi MN UTMA. Kaka aliweka dola 100 kila mwezi mpaka alipofariki, na mara chache akaongeza. Jumla aliingiza kama dola 22,000. Leo kuna dola 64,000, zote kwenye mfuko mmoja unaofuata soko zima la hisa. Binti hakufunguliwa. Alipozaliwa, kaka alikuwa na madeni ya nyumba, kila mara akasema "mwakani".

Mwezi uliopita tulikaa kikao cha simu. Kaka yetu mkubwa, aliyeko nyumbani, alisema kila alichoacha marehemu ni mirathi, na haiwezekani mtoto mmoja ale mwingine atazame. Anataka nigawe nusu kwa nusu. Wifi yangu hakubishana, lakini kesho yake alinipigia akilia. Kodi ya nyumba imepanda, anaomba nitoe dola 900 kila mwezi kwenye akaunti hiyo, kwa kuwa "mtoto naye anakaa humu". Nilikosa la kumjibu.

Kuna jambo hawalijui. Kaka alipofariki, michango ya kusafirisha mwili haikutosha. Usiku ule niliuza vipande vya mfuko, nikatoa dola 4,200, nikawalipa watu wa mazishi. Nilijiambia kwamba ni pesa za baba yake na anayezikwa ni baba yake. Risiti ninayo. Sijamwambia mtu.

Kijana mwenyewe hajui kama ana akaunti. Shuleni anafanya vizuri, lakini akili yake iko kwenye raba za bei mbaya na sarafu za kidijitali. Aprili ijayo anatimiza 18, naogopa kampuni inayotunza akaunti itamkabidhi zote azimalize kabla ya chuo. Rafiki kanishauri nizihamishie jina langu mapema mpaka kijana apate akili. Na mimi, wiki sita zijazo nafanyiwa upasuaji wa moyo. Katika wosia wangu nimeandika kwamba binti yangu ndiye atakayeshika akaunti hiyo. Inatosha?

Shangazi Mshika Funguo

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo shangazi, na pole kwa msiba ambao naona bado haujakuachia nafasi ya kuomboleza. Umekuwa ukihesabu tangu siku ya mazishi.

Umeleta mambo sita au saba, lakini yote yanazunguka swali moja: pesa hizi ni za nani? Kaka mkubwa anasema ni za marehemu. Wifi anaziona za nyumba. Wewe usiku ule ulisema ni za baba yake. Rafiki yako angependa ziwe zako kwa muda. Katika barua nzima hakuna aliyesema ni za kijana, naye ndiye mwenyewe.

Herufi MN ni kifupi cha Minnesota, na UTMA ni jina la sheria ambayo majimbo ya Marekani yameipitisha kwa kufuata mfano mmoja, kuhusu mali anayopewa mtoto. Msingi wake ni kwamba zawadi ikishaingia imekamilika, wala mtoaji hawezi kuirudisha. Siku kaka yako alipoweka dola 100 za kwanza, zilikoma kuwa zake. Mmiliki ni mtoto, ndiyo maana akaunti imebeba namba ya Social Security (hifadhi ya jamii ya serikali kuu) ya mtoto na fomu za kodi hutoka kwa jina lake. Wewe umekabidhiwa madaraka ya kuwekeza, kutunza na kutumia kwa faida yake, hukukabidhiwa mali. Kwa hiyo marehemu alipofariki, hizi hazikuwamo katika alivyoviacha. (Angejiandika mwenyewe kuwa msimamizi, zingehesabiwa katika mali yake kwa ajili ya kodi ya mirathi ya serikali kuu. Kwa kiasi hiki kodi hiyo isingemgusa, lakini sijui kama alijua, au alikupenda tu kwa huo mkono wa birika.)

Hapo ndipo hoja ya kaka mkubwa inapokwama, ingawa si hoja mbaya. Anachokiona ni kweli: binti hana kitu. Ila akaunti ya namna hii ina mtoto mmoja na msimamizi mmoja, na huna mamlaka ya kuhamisha hata dola moja kwenda kwa ndugu yake. Ukigawa kwa sababu kikao kimeamua, kikao hakitasimama nawe. Kijana mwenyewe, au mtu mzima wa familia yake, anaweza kuiomba mahakama ikudai hesabu, na utalipa kutoka mfukoni mwako. Labda ungemwambia kaka yako hivyo hivyo, kwa upole, kisha umwulize ukoo uko tayari kumchangia binti kiasi gani kwa mwezi. Akaunti mpya kwa jina lake inaweza kuanza na kidogo. Kijana akishapokea mali yake anaweza kumpa dada yake zawadi akitaka. Lakini nisingependa aahidishwe sasa, akiwa na miaka 17, mbele ya wazee. Ahadi ya mtoto haimfungi kisheria, na akiishika kwa aibu itawatenganisha ndugu wawili waliobaki.

Nije kwa wifi yako, na hapa naomba unijibu swali moja: je, watoto wanapokea malipo ya Social Security ya mzazi aliyefariki? Barua yako haisemi. Kama marehemu alifanya kazi akikatwa kodi ya Social Security kwa muda unaotosha, kila mtoto aliye chini ya miaka 18 (au 19 kama bado yuko sekondari) anaweza kupata hadi asilimia 75 ya kiwango cha malipo ambacho baba angestahili, kukiwa na kikomo kwa familia nzima. Mjane anayelea mtoto chini ya miaka 16 naye ana fungu, ingawa hupunguzwa akiwa na mshahara mkubwa. Malipo ya nyuma ya mtoto hayazidi miezi sita, kwa hiyo kama hawakuomba, kila mwezi unaopita unapotea kabisa. Nimeona familia zetu nyingi zikidhani ni ya wazee tu. Mama huyu akipata hilo, huenda ombi la dola 900 likafutika lenyewe. Na binti naye anahesabiwa humo.

Kama haitatosha, sheria haikukatazi moja kwa moja. Msimamizi anaweza kutumia kiasi anachoona kinafaa kwa faida ya mtoto, hata kama mtoto ana mzazi mwenye uwezo. Lakini matumizi hayo ni nyongeza juu ya wajibu wa mzazi, hayauondoi. Kodi ya nyumba inawafaa watu watatu. Dola 900 kwa mwezi ni 10,800 kwa mwaka, na hadi kijana afike umri wa kukabidhiwa, nusu ya akaunti ingekuwa imekwenda kwa mwenye nyumba. Siku akiuliza, utaonyesha nini kilichokuwa chake humo? Ada ya mtihani, kompyuta ya shule, miwani, kozi ya kiangazi, hata gari dogo la kwendea chuo, hayo yana jina lake. Ukiamua kusaidia nyumba, angalau iwe sehemu yake tu, kwa muda unaojulikana, na sababu iandikwe siku hiyo hiyo. Hatari ya njia hiyo ni kwamba malipo ya kila mwezi hugeuka haraka kuwa haki, na wewe utakuwa mtu wa kukata. Hatari ya kukataa kabisa ni kijana kukosa mahali pa kulala huku ana dola 64,000, jambo ambalo nalo si usimamizi mwema. Unaijua nyumba ile kuliko mimi.

Sasa zile 4,200. Nimesoma aya hiyo mara mbili, na sioni mwizi ndani yake. Namwona dada aliyetaka kaka yake afike nyumbani. Hata hivyo gharama ya mazishi ya baba ni mzigo wa mali ya marehemu na wa waombolezaji, na ni vigumu kuiita matumizi kwa faida ya mtoto. Wakili anaweza kujenga hoja, mimi nisingeilalia.

Njia ya kwanza ni kurudisha, kidogo kidogo au kwa mkupuo. Ukirudisha, usirudishe 4,200 tu. Tafuta taarifa ya mwezi ule wa 2023, uone uliuza vipande vingapi, uzidishe kwa bei ya leo, kwa kuwa kijana alipoteza pia ongezeko la thamani ya vipande hivyo. Kisha uandike kwenye kumbukumbu kwamba ni marejesho, isije ikasomeka kama zawadi mpya. Njia ya pili ni kumwambia wifi na kijana, ukiwa na risiti mkononi. Wanaweza kukuelewa, tena sana, lakini kijana hawezi kukusamehe kisheria kabla hajafika umri, na mama hana mamlaka ya kusamehe mali isiyo yake. Ya tatu ni kunyamaza, nayo naitaja kwa sababu umekuwa ukiiishi. Sheria inakutaka utunze kumbukumbu za kila muamala, na mzazi ana haki ya kuzikagua, na mtoto mwenyewe tangu akiwa na miaka 14. Karatasi hiyo iko kwenye mfumo wa kampuni na itasomwa siku moja, pengine wewe ukiwa hupo kueleza.

Kuna mkia mdogo hapo. Mauzo yale yalitoa fomu ya kodi kwa jina la mtoto. Kwa mwaka 2023, mtoto tegemezi mwenye kipato cha uwekezaji kinachozidi dola 1,250 alitakiwa kupeleka ritani yake ya kodi. Jumlisha faida ya mauzo na gawio la mwaka ule. Kama ilivuka, ritani ya nyuma bado inapokelewa.

Kuhusu Aprili: nadhani hofu yako imekosea tarehe. Minnesota, akaunti iliyotokana na zawadi ya mtu aliye hai hukabidhiwa mtoto akitimiza miaka 21. Umri wa 18 unatumika kwa mali iliyofika kwa njia nyingine, na kwa zawadi katika baadhi ya majimbo mengine, na hapo ndipo watu huchanganya. Kampuni nayo huweza kukosea, kwa hiyo waombe wakuandikie tarehe waliyoiweka kwenye mfumo. Ina maana una zaidi ya miaka mitatu.

Lakini ikifika, imefika. Hakuna kuongeza muda kwa sababu kijana hajatulia. Kuhamishia jina lako "mpaka apate akili" ni kuchukua mali ya mtu, hata ukiwa na nia safi kama maji ya mvua, na rafiki yako hatakuwepo mahakamani. Ningekuuliza pia: unajuaje hana akili ya pesa? Hajawahi kuoneshwa pesa yake. Raba amenunua kwa kazi yake au kwa kuomba? Kijana anayefuatilia bei za sarafu kila asubuhi tayari anasoma chati, hajafundishwa tu kusoma ya kwake. Taarifa ya miezi mitatu mezani, pamoja na historia ya zile dola 100 za baba yake mwezi baada ya mwezi, inaweza kumfanya mlinzi kuliko kufuli lolote. Inaweza pia kumfanya aanze kuhesabu siku. Ni hatari ya kweli, lakini kushtukia dola elfu sitini akiwa na 21, bila kuzizoea hata kidogo, sioni kama ni salama zaidi.

Chuo kinabadilisha hesabu. Kwenye fomu ya FAFSA ya misaada ya masomo, asilimia 20 ya mali ya mwanafunzi huhesabiwa kuwa uwezo wake wa kulipa. Kwa 64,000 ni 12,800 kila mwaka. Mali ya mzazi huhesabiwa kwa asilimia 5.64 kwa juu kabisa. Familia zenye kipato kidogo huweza kutoulizwa mali kabisa, hivyo mwulizeni mshauri wa shule kuhusu mapato ya mama kabla ya kuhangaika. Ikiwa itaulizwa, ipo njia ya kuuza na kuweka fedha kwenye akaunti ya elimu ya 529 ya usimamizi, ikiwa bado kwa jina la kijana. Kwa mwanafunzi tegemezi hiyo huhesabiwa kama mali ya mzazi. Bado ni yake na bado ataikamata, ila akitumia nje ya masomo, faida hutozwa kodi na faini ya asilimia 10. Kwa kijana mwenye raba nyingi, faini hiyo ni breki ndogo.

Ugumu ni kwamba 529 hupokea fedha taslimu tu, kwa hiyo lazima uuze. Usipige hesabu ya faida kwa kutoa 22,000 kwenye 64,000. Gawio lililokuwa likirudishwa kununua vipande vipya linahesabiwa kwenye gharama, kwa hiyo faida ni ndogo kuliko unavyodhani. Kampuni inayo namba kamili. Kwa mwaka 2025, dola 1,350 za kwanza za kipato cha uwekezaji cha mtoto hazitozwi kodi ya serikali kuu, 1,350 zinazofuata hutozwa kwa kiwango chake, na kinachozidi 2,700 hutozwa kwa kiwango cha mzazi. Mama akiwa na kipato kidogo, faida ya hisa zilizokaa zaidi ya mwaka inaweza kuangukia asilimia 0, ingawa Minnesota ina kodi yake pembeni. Wengine huuza kidogo kidogo kila mwaka ndani ya 2,700. Mtu wa kodi atawamalizia hili kwa nusu saa.

Nimeuweka upasuaji mwisho, na ndio wa kwanza kwa haraka. Wosia wako hautoshi. Wosia husubiri kifo. Ukilala wodini miezi miwili bila fahamu, haufungui mlango wowote, na hata ukifariki, anayetekeleza wosia wako anashika mali yako, na hii si yako. Sheria imekupa kitu chepesi zaidi. Ni waraka wa kumteua msimamizi mrithi, wenye sahihi yako na tarehe, mbele ya shahidi ambaye si yule unayemteua. Usipoambatanisha kujiuzulu, waraka hulala mpaka ujiuzulu, ufariki au ushindwe kufanya kazi. Ndiyo kusema unaweza kuusaini leo na bado ukaendelea kushika funguo. Kampuni nyingi zina fomu yao, itumie hiyo, kwa sababu waraka wako mzuri ukiwa kwenye sanduku haumsaidii karani wa simu. Wapelekee nakala, uombe uthibitisho kwamba umeingia kwenye faili.

Usipoteua, kijana aliyefika miaka 14 ana siku 60 za kuchagua mwenyewe mtu mzima wa familia yake, mlezi wa mali aliyewekwa na mahakama, au kampuni ya amana. Zikipita na hana mlezi wa aina hiyo, inabidi mtu aende mahakamani. Fikiria siku hizo 60 katika ukoo ambao tayari umegawanyika, kaka mkubwa akipiga simu kila jioni.

Nani umteue? Binti yako anakuamini, lakini je, anajua kuhusu 4,200? Atarithi faili pamoja na swali hilo. Mama wa kijana yuko karibu na mahitaji yake, ila ndiye mwenye kodi ya nyumba inayomkaba, na msimamizi ambaye pia ni mzazi hubanwa zaidi anapotumia pesa hizo kwa mambo ambayo ni wajibu wake. Yeyote utakayemchagua, mkabidhi namba ya akaunti, taarifa tangu mwanzo, ritani za kodi, na karatasi moja ya mkono wako inayoeleza kila fedha iliyotoka na kwa nini.

Na siku ya kijana kutimiza miaka 21 itakapofika, wewe ukiwepo au mrithi wako, msiuze chochote ili kumkabidhi. Kijana afungue akaunti yake kwenye kampuni hiyo hiyo, vipande vihamie vilivyo pamoja na tarehe na gharama za ununuzi. Siku hiyo hiyo aandike nani arithi, kwa sababu leo, Mungu apishe mbali, likimpata la kumpata, mali hii huenda kwa mama yake kwa sheria ya jimbo, si kwa dada yake kama ambavyo wengi kwenye kikao wangedhani.

Wiki sita zinatosha kwa fomu ya uteuzi, na kwa simu moja ya wifi yako kwenda Social Security. Mazungumzo na kijana yanaweza kuwa kabla au baada ya hospitali, utakavyoona moyo unavyoruhusu. Kama ni kabla, nenda na zile taarifa za 2008, ambapo akaunti ilikuwa na dola mia chache tu.